Mbwa huyu ni wa nani?

MSOMAJI mpenzi, ikiwa unafuga mbwa na umepanga kuipeleka jamaa yako ufuoni likizo ijayo, makala haya ni yako. Na ikiwa hufugi mbwa wala hutaki kumwona karibu, tulia usome pia, kwani haya yanakuhusu vilevile.

Niruhusu nianze kwa kuungama.

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Juni, kusi ikivuma, niliteremka alfajiri na binti yangu wa miaka minane katika ufuo mmoja ulio kati ya Kilifi na Malindi. Tulikuwa na mbwa wetu wa kienyeji tunayemwita Simba. Kamba yake ilikuwa mfukoni mwangu na sikuona haja ya kuitoa. Maji yalikuwa yamekupwa, ufuo mtupu, na Simba alikuwa ameshinda wiki nzima amefungiwa uani. Nilimwachilia, akatimua mbio.

Tulipomfikia, alikuwa amezamisha kichwa ndani ya shimo karibu na vichaka, mchanga ukiruka nyuma yake. Binti yangu alicheka akidhani kwamba anamfukuza kaa. Kisha tukaona maganda. Yalikuwa meupe, laini kama ngozi, na kila moja lilitoshana na mpira wa tenisi ya mezani. Yalikuwa mayai ya kasa. Tulihesabu ishirini na manane yaliyopasuka.

Wakati huo huo mzee mmoja mvuvi alikuwa akipita kuelekea kwenye ngalawa yake. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Aliitikia "Marahaba" macho yake yakiwa shimoni.

"Mbwa huyu ni wa nani?" akauliza.

Msomaji, nilinyamaza. Niliitazama bahari kana kwamba nimesahau kitu huko. Aliyejibu ni binti yangu: "Ni wetu, babu."

Mzee hakunigombeza. Alipiga magoti, akayafunika kwa mchanga mayai yaliyosalia bila kuyageuza hata moja, akaniambia nimfunge mbwa, kisha akawapigia simu watu wanaolinda viota vya kasa. Lakini swali lake nilirudi nalo nyumbani, na ndilo lililonifanya nianze kuulizia na kusoma kuhusu jambo ambalo wengi wetu hulipuuza: kamba ya mbwa.

Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Walikuwa wakimtia moyo mtu asikate tamaa akiwa karibu kufika. Ajabu ni kwamba siku hizi mbwa akiuona ufuko, wanaokufa ni wengine.

Yai moja si jambo dogo

Huenda ukajiuliza, mayai ishirini na manane yana nini? Kasa si hutaga mayai mengi?

Ni kweli. Kiota kimoja cha kasa huweza kuwa na mayai mia moja na zaidi. Jike huja nchi kavu usiku, akajikokota juu ya mchanga, akachimba, akataga, akafukia na kurudi baharini. Hatarudi kuyaangalia. Mayai hukaa mchangani kwa muda wa miezi miwili hivi, yakiatamiwa na joto la mchanga wenyewe. Joto hilo ndilo linaloamua ikiwa watoto watakuwa majike au madume.

Sasa hesabu. Wataalamu hukadiria kwamba kati ya watoto elfu moja wa kasa wanaoanguliwa, labda mmoja tu ndiye atakayefikia utu uzima. Kaa, ndege na samaki huwala njiani. Huyo mmoja atakayebahatika humchukua miaka ishirini na zaidi kabla hajataga mara ya kwanza, na hurejea kutaga katika pwani ile ile alikozaliwa au karibu nayo. Mbwa anapofukua kiota kimoja kwa robo saa, huenda amekula kazi ya zaidi ya miaka ishirini.

Tena madhara si ya mayai peke yake. Jike akishtuliwa na mbwa anapopanda ufuoni, hugeuka na kurudi majini bila kutaga. Na watoto wanapoanguliwa na kuanza kutambaa kuelekea baharini, mbwa aliye mpole kabisa huwaona kama vitu vya kuchezea.

Ndiyo maana huko Watamu kuna watu ambao kazi yao ni kutembea ufuoni usiku na alfajiri wakitafuta alama za kasa. Shirika la Local Ocean Conservation, lililoanza mwaka 1997 kwa jina la Watamu Turtle Watch, hulinda viota, hutibu kasa wagonjwa, na hushirikiana na wavuvi ili kasa anayenaswa wavuni arudishwe baharini akiwa hai. Ukimwachilia mbwa katika ufuo huo, unaibomoa kazi ambayo wenzako wamekesha wakiifanya.

Wapi mbwa haingii kabisa

Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea. Mtu aliyezoea kuona mbwa wakitembezwa kwa kamba katika msitu wa Karura jijini Nairobi hudhani kwamba akiwa na kamba anaweza kuingia naye popote. Sivyo.

Hifadhi za taifa zinazosimamiwa na Shirika la Wanyamapori nchini, KWS, haziruhusu mbwa wala paka wa nyumbani, awe na kamba au asiwe nayo. Hifadhi za Bahari za Malindi na Watamu ni miongoni mwa hizo. Zote mbili zilitangazwa mwaka 1968 na ni kati ya hifadhi za kwanza za bahari barani Afrika. Ile ya Malindi ina ukubwa wa kilomita 6.3 za mraba na ile ya Watamu kilomita 10. Unaona basi kwamba si maeneo makubwa. Mbwa mmoja mwenye mbio anaweza kuyavuruga kwa asubuhi moja.

Mashaka huja kwa sababu bahari haina ukuta. Mtu hutoka katika nyumba ya kukodi, akatembea mchangani akipunga upepo, na kabla hajajua ameshaingia hifadhini. Kwa hiyo fanya jambo moja rahisi: uliza kabla ya kuteremka. Muulize mlinzi, mwenye nyumba, mvuvi, au fika kwenye lango la KWS. Ukiambiwa hapa ni hifadhi, mwache mbwa nyumbani. Ukiambiwa hapa ni ufuo wa umma, mshuke, lakini kamba iwe mkononi na si mfukoni kama yangu.

"Lakini mbwa wangu ni mpole"

Kila mwenye mbwa husema hivyo. Mimi pia nilisema. Tatizo ni kwamba mnyama wa porini hana njia ya kujua mbwa wako ana tabia gani. Yeye humwona adui, basi.

Nenda kaskazini mwa mji wa Malindi mpaka mahali mto Sabaki unapomwaga maji yake baharini. Au nenda hori ya Mida, ule mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko karibu na Watamu. Kuanzia Agosti hadi Aprili utawakuta maelfu ya ndege wa pwani, wengine waliotoka Siberia na kaskazini mwa Ulaya. Maji yakipwa hula, yakijaa hukusanyika mahali pamoja kupumzika. Chakula hicho ndicho mafuta yao ya safari ya kurudi. Kila mara mbwa anapowakurupusha, huruka wote na kuyachoma mafuta hayo bure. Ukiwatazama wakipaa pamoja utasema ni tamasha. Kwao ni hasara.

Huko Australia, mwaka 2007, watafiti Peter Banks na Jessica Bryant walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya katika vichaka vilivyo karibu na jiji la Sydney. Mbwa walitembezwa njiani wakiwa wamefungwa kamba, wala hawakumgusa ndege yeyote. Hata hivyo, idadi ya aina za ndege walioonekana ilipungua kwa asilimia 35, na idadi ya ndege wenyewe kwa asilimia 41. Sasa unaelewa kwa nini katika hifadhi ya taifa hata kamba haitoshi.

Na mbwa asiye na kamba je? Mwaka 1987, katika msitu wa Waitangi nchini New Zealand, watafiti walikuwa wamewafunga vyombo vya redio kiwi 24 ili wajue mienendo yao. Kiwi ni ndege asiyeruka na ndiye fahari ya nchi hiyo. Katika muda wa majuma machache, 13 kati ya hao 24 waliuawa. Kwa kuwa msitu huo ulikuwa na kiwi wapatao 900, ilikadiriwa kwamba waliouawa kwa jumla walifika 500. Muuaji alikuwa nani? Mbwa jike mmoja tu aliyekuwa akizurura. Alipopatikana na kuuawa, vifo vilikoma.

Sisi nasi tunaye kiwi wetu. Ni sange wa msitu wa Arabuko-Sokoke, mnyama mwenye pua ndefu na miguu myembamba, uzito wake kama nusu kilo, na kiunoni ana doa la manjano linalong'aa kama dhahabu. Huishi dume na jike, hujitengenezea kitanda cha majani makavu chini ardhini, na jike huzaa mtoto mmoja kwa uzazi. Duniani kote hupatikana katika misitu michache ya pwani yetu tu, na Arabuko-Sokoke, wenye kilomita 420 za mraba hivi, ndio ngome yake kuu. Wanafunzi wanaozuru magofu ya Gede, mji wa kale ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, humwona akikurupuka kwenye majani makavu.

Mnyama kama huyo, anayelala chini na kuzaa mmoja mmoja, ana kinga gani mbele ya mbwa? Wataalamu huwataja mbwa wanaozurura kuwa miongoni mwa maadui zake, pamoja na mitego na ukataji wa miti. Wakati mwingine mbwa hao huwa na wenyewe, na huingizwa msituni makusudi ili kuwinda, ingawa uwindaji ulipigwa marufuku humu nchini tangu mwaka 1977.

Hapa sina budi kuwa mwadilifu. Mkulima anayepakana na msitu ana haki ya kufuga mbwa. Nyani na tumbili wakivamia shamba la mahindi, nani atawafukuza? Mbwa huyo ana kazi, na kazi yake ni ndani ya mpaka wa shamba. Akishavuka na kuingia msituni, swali la mzee linarudi: mbwa huyu ni wa nani?

Ugonjwa hauna mpaka

Kamba haiwalindi wanyama wa porini peke yao. Inakulinda wewe, mtoto wako na huyo mbwa mwenyewe.

Kichaa cha mbwa bado kipo nchini. Kilitambuliwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi asilimia 99 ya visa vya binadamu hutokana na mbwa, na kwamba watoto walio chini ya miaka 15 ni kama asilimia 40 ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo. Dalili zikishaanza kuonekana kwa binadamu, kupona ni muujiza. Ndiyo maana serikali ina mpango wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kuutokomeza ugonjwa huu, na nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote.

Mbwa anayezurura huumwa na asiyemjua na kumwambukiza amjuaye. Anaweza pia kuwapelekea wanyama wa porini maradhi wasiyo na kinga nayo. Mwaka 1994, katika mbuga ya Serengeti huko Tanzania, simba wapatao elfu moja, yaani karibu theluthi moja ya simba wote wa eneo hilo, walikufa kwa ugonjwa wa virusi ambao wanasayansi wanaamini ulitoka kwa mbwa wa vijiji vya jirani. Hebu fikiri: mfalme wa nyika kuangushwa na mbwa wa kijijini, tena bila hata kuumwa!

Jirani naye ana haki

Kuna jambo jingine ambalo mgeni kutoka bara huenda asilijue. Pwani yetu ina majirani wengi Waislamu. Mbwa wa kulinda na wa kuchunga anaruhusiwa kwao, na kumtesa mnyama ni dhambi. Lakini mate ya mbwa ni najisi. Mbwa wako akimrukia mtu anayeelekea msikitini na kumlamba nguo, atalazimika kurudi nyumbani kuzitwahirisha. Wewe utasema, "Anacheza tu." Mwenzako amekosa sala ya jamaa.

Wapo pia watu wanaoogopa mbwa kwa sababu waliwahi kuumwa. Wapo watoto wanaokimbia wakimwona, na mtoto akikimbia mbwa hufukuza. Ufuo ni wa watu wote. Kumfunga kamba mbwa wako ni adabu, kama vile kubisha hodi.

Wenzetu wanafanyaje?

Kanuni ya kamba si ukoloni mamboleo wala si ubaguzi dhidi ya wenye mbwa. Katika hifadhi za taifa za Marekani, pale mbwa anaporuhusiwa, kamba yake haipaswi kuzidi futi sita, yaani chini kidogo ya mita mbili. Uingereza na Wales, katika nyanda zilizo wazi kwa umma, mbwa hufungwa kamba isiyozidi mita mbili kuanzia Machi 1 hadi Julai 31, msimu ambao ndege hutaga chini.

Na kanuni hizi huzaa matunda. Katika ufuo wa Coal Oil Point, jimbo la California, kuna ndege mdogo anayetaga mchangani ambaye alikuwa ameacha kuzaa hapo kwa miaka kama thelathini. Kukawekwa ua wa kamba kuzunguka sehemu yake, na watu wa kujitolea wakawa wakiwaomba wenye mbwa wawafunge. Mwaka 2001 ndege huyo alianza kuzaa tena. Hawakutumia mitambo wala mamilioni ya pesa. Walitumia kamba na maneno ya upole.

Mambo ya kukumbuka

Kabla hujateremka ufuoni na mbwa wako, zingatia haya:

Kwanza, uliza ikiwa mahali hapo ni hifadhi. Ikiwa ni hifadhi, mbwa abaki nyumbani penye kivuli na maji. Usimfungie garini, kwani joto la Pwani litamuua.

Pili, tumia kamba fupi isiyozidi mita mbili na mkanda wa shingoni ulio imara. Mpe kamba mtu mzima, si mtoto. Mbwa mkubwa humburuta mtoto.

Tatu, mzoeze kamba angali mdogo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mbwa ni hivyo hivyo. Anayezoea kamba tangu utotoni huiona ni dalili ya matembezi, haioni ni kifungo.

Nne, mchanje dhidi ya kichaa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka, na uiweke kadi yake.

Tano, mtu akiumwa, osha jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika kumi na tano, kisha mwende hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje dalili.

Sita, ukiona kiota cha kasa, usikifukue, usiyageuze mayai wala usiyahamishe. Mzuie mbwa, na uwaarifu KWS au walinzi wa viota.

Nimalize nilipoanzia. Yule mzee alichukua nambari yangu ya simu. Majuma matano baadaye alinipigia saa kumi na mbili asubuhi. Mayai yaliyosalia yalikuwa yameanguliwa usiku huo. Si yote, alisema, lakini alama za vijimiguu zilikuwa zimechora mchanga mpaka majini. Kisha akauliza, "Na yule mbwa hajambo?"

Nikamwambia hajambo, na kwamba siku hizi hatoki lango bila kamba. Nikaongeza kwamba anayekumbusha ni binti yangu, na asipoiona mkononi mwangu hukataa kutoka nje.

Kazi kwako, msomaji. Siku ukiulizwa mbwa huyu ni wa nani, uweze kujibu bila kuangalia pembeni.